Nani Ananifukizia Humu Ndani?

Jumatatu, 14 Julai
Nimeamka kifua kinapiga filimbi. Pampu ya pumu, chai, kazini. Kama kawa. Mie kinyozi mgonjwa wa kifua, na bado vichwa vya Mbagala nzima vinanililia. Saluni kwangu marashi hayapulizwi. Mteja akitaka kunukia, akanukie kwao. Kutwa nzima niko mzima. Narudi nyumbani, najilaza, pumzi inakata.

Kwa nini nyumbani tu? Kuna mtu.

Jumanne, 15 Julai
Mshukiwa: Mwanaidi, mpangaji wa chumba cha mbele. Harufu ya ubani uani kila jioni. Sijamwona akichoma, ila nani mwingine? Anajifukiza ili nimuone. Sura kama yangu haipitwi hivihivi. Lakini kunitaka na kuniua ni vitu viwili.

Nimeziba upenyo wa mlango kwa kanga kuukuu ya Bibi, bibi yangu ninayeishi naye. Bibi kaniangalia tu.

Jumatano, 16 Julai
Mbaya sana leo. Pampu imeniishia katikati. Nimeinama kitandani kama jogoo mwenye mdondo. Bibi ananisugua mgongo, anasoma dua, analia. Ndo kanilea huyu. Sipendi akilia.

Mwanaidi atanitambua.

Alhamisi, 17 Julai
Nimenunua pampu mpya. Nikamvaa Mwanaidi uani, anaingia na begi.

"We kaka, mie nilikuwa Kunduchi kwa dada toka Jumapili. Ubani gani? Na nani kakwambia nakutaka?"

Wapangaji wamecheka mpaka basi. Aibu.

Chumbani nimenusa pazia. Hamna. Shati la kazi: ubani. Mto wa kulalia: ubani, umekolea mpaka ndani ya sufi. Kwa hiyo mtu anaingia humu. Ufunguo tunao mie na Bibi.

Sitaki kuwaza.

Ijumaa, 18 Julai
Nimefunga saluni mapema, nikapitia mlango wa uani. Bibi kafunika chetezo kwa tenga. Juu ya tenga, shati langu na mto wangu. Moshi mweupe. Ananong'ona jicho la watu linitoke. Kumbe kwake pumu ni husuda, kwa vile najisifu sana. Kila nikizidiwa, yeye anaongeza ubani.

Hasira zilinipanda. Nilitaka kukipiga teke hicho chetezo. Kikohozi kikaniwahi, nikakaa chini. Nikamwambia, "Bibi, hiyo ndo inaniua."

Kaona mwenyewe. Kamwagia makaa maji.

"Nilikuwa nakukinga, mume wangu."

Ananiitaga hivyo kwa utani wa bibi na mjukuu. Leo haukuwa utani.

Jumapili, 20 Julai
Mto umeanikwa toka jana. Sasa Bibi ananisomea dua kwenye kikombe cha maji, nakunywa. Maji hayana moshi. Nimemwomba radhi Mwanaidi, kacheka tena. Ananitaka huyu.

Nimejilaza mchana. Shati linanukia jua tu. Bibi kakaa mlangoni na ungo, anajifanya anachambua mchele. Mikono haisogei. Anasikiliza kifua changu.