Kadi ya Kliniki ya Muuguzi

Zahanati ya kijiji,
Mwazye.
Juni 9

Kaka Kalisti,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kabwe, wewe, wifi Herieth na watoto. Mama hajambo, anaanika ulezi na kumkaripia kila kuku anayesogea. Mimi sijambo kabisa, na safari hii sisemi hivyo kwa adabu tu.

Kaka, nimerudi kazini! Jumatatu iliyopita nilivaa sare yangu, ikanipwaya kama gunia, nikafunga mkanda nikaenda. Ni mwaka na miezi miwili tangu nipandikizwe uloto wako, ule wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, kule Dodoma. Bwana Teodori, mganga wetu mfawidhi, alitaka nikae dirishani niandike kadi, maana kazi ya chanjo ni ya kusimama kutwa. Nilimjibu kwamba sikuponea chupuchupu ili nije kuandika kadi. Akacheka, akanirudishia meza yangu, ila barakoa nisivue.

Sasa sikia kituko. Uloto mpya haukumbuki chanjo nilizochomwa utotoni, hivyo daktari wa Dodoma ameagiza nichanjwe upya kama kichanga. Nina kadi ya kliniki, mimi mwenye miaka thelathini na nane! Siku ya kliniki nikapanga foleni na akina mama, wakacheka mpaka watoto wakaamka. Pembeni yangu alikaa Mama Maganga, wa wale wafugaji waliohamia bondeni. Mtoto wake ana miezi minne na hajachanjwa hata mara moja, kwa sababu mama mkwe amemwonya kuwa sindano zinadhoofisha watoto. Alikuja kupima uzito tu. Aliniuliza kama kweli muuguzi naye anachomwa. Nikampa mkono mmoja aushike, Bwana Teodori akanichoma ule mwingine. Mama Maganga alinitazama usoni, kisha akamfungua mtoto mgongoni, akasema nimchome mimi na si mtu mwingine. Nikamchoma. Najivunia, sikufichi. Kila anayeniuliza nilivyopona namwambia damu hii nimepewa na kaka yangu, na kwamba ulipoiona ile mashine ya kukutoa damu ulifumba macho.

Lipo jambo ambalo kwenye simu limenishinda. Mama alikuambia tulichelewa kukuita kwa sababu simu yako haikupatikana. Si kweli, hatukupiga. Daktari aliponiuliza kama nina ndugu wa tumbo moja, nilimjibu sina. Nilikuwa na kinyongo tangu ulipokosa maziko ya baba. Nikashikilia hivyo miezi miwili, ugonjwa wa damu ukizidi, mpaka mama akakutaja mwenyewe mbele ya daktari, huku analia. Wewe ukafunga safari kesho yake bila kuuliza lolote. Ulikuwa unanibembeleza ninywe uji, na mimi nakutazama nikishindwa kukuambia ukweli huu. Nisamehe, kaka.

Msalimie sana wifi na watoto. Mama anawasalimu, na anaulizia migebuka, wale samaki wa ziwani kwenu.

Jana nimejaza fomu ya kurejea kazini. Palipoulizwa ndugu wa karibu, nimeandika jina lako. Bado sijaikabidhi. Nasubiri uniambie kama niliache au nilifute.

Mdogo wako,
Luciana