Bega la Alesya

Mikindani

Mwanangu Alesya,

Huku hatujambo. Binti yangu Hafsa amejifungua mtoto wa kike, na pweza wameadimika sokoni.

Uliniomba nimfiche baba yako kwamba daktari wa huko Minsk amekukataza tenisi kwa sababu ya bega. Nimeshindwa. Hamjaonana tangu amalize masomo huko na kurudi nyumbani, wewe ukiwa mdogo, lakini mechi zako zote huzifuatilia kwenye simu, hata zile unazotolewa raundi ya kwanza. Juzi akaniuliza, "Dada, mbona jina la mwanangu silioni tena?" Nikamweleza.

Nilidhani atalia.

"Miaka yote hii," akasema, "nimeogopa kumwambia aje, nisije nikamharibia kazi."

Najua unaulilia mchezo wako, mwanangu, na una haki. Ila baba yako amekwisha kumwita seremala. Wanabishana uani sasa hivi, maana anataka kitanda kirefu kuliko vyote vya humu ndani, miguu yako isining'inie.

Shangazi yako anayekungoja,
Mwanaamina