Siku Leta Ilipofungia Ngoma za Mama

Murara, Goma, Alhamisi

Papa mupendwa,

Assalam aleikum. Natumaini barua hii inakukuta Kindu ukiwa muzima, na goti lako limekubali tena kupanda baiskeli. Huku sisi wote wazima. Mama anasema nikuambie anakula vizuri, ili usimuulize tena kwa simu mbele ya watu. Mvua imeosha lile vumbi jeusi la volkano kwenye mabati, na uwanja wa parseli yetu bado unanukia pilau ya arusi ya Asma, mutoto wa marehemu dada yako. Ni arusi hiyo imenifanya nishike kalamu. Kwa simu ningecheka tu mpaka yuniti ziishe.

Imepita, Papa, na imepita vizuri kuliko tulivyoomba. Lakini ilitaka kutuponyoka.

Tarehe ilikuwa imepangwa tangu Idriss, bwana arusi, arudi na lori lake kutoka Butembo. Halafu tukasikia kwamba mukubwa mumoja wa Kinshasa anakuja Goma Jumamosi ileile. Chef Fortunat, mukubwa wangu katika ofisi ya kartie, yule uliyemubembeleza sana anipe kazi, alikuja mwenyewe nyumbani. Alikaa kwenye kiti chako, akanywa chai, akamuambia Mama kwamba kundi lake la wanawake wa dufu linatakiwa barabarani tangu asubuhi, limuimbie mugeni, na kwamba siku hiyo hakuna sherehe nyingine katika kartie nzima, mutaa wote. Mama akamujibu kwa heshima kwamba Jumamosi ngoma zake zina bibi arusi. Chef akacheka, akasema Leta ni serikali, na serikali haishindani na bibi arusi.

Mama akamuongeza chai. "Chef," akasema, "wakubwa wanapita kila mwaka na tunawaimbia. Asma ataolewa mara moja. Koo ni langu, acha nichague nimuimbie nani."

Ijumaa polisi wakaja na pikapu. Wakabeba ngoma zote, hata ile kubwa ambayo bibi alikuja nayo kutoka Kasongo, wakazifungia katika depo ya ofisi. Wakasema kundi likikubali kwenda barabarani zitatolewa, likikataa zitabaki mule.

Na funguo za depo, Papa, unajua ni mimi ninayezishika. Niliporudi nyumbani Mama hakunigombeza. Aliniuliza tu kama mule ndani hamuvuji, maana ngozi ikilowa sauti inakufa. Hilo liliniuma kuliko kofi. Asma alikuwa amekaa na hina mbichi mikononi, analia, hawezi hata kujifuta machozi.

Aliyetuinua ni Mama Mukamugema, jirani yetu mulokole wa Rutshuru. Aliingia amebeba beseni, bidoni tupu ya maji na sufuria, akasema kanisa lao liliimba mwaka muzima bila ngoma na Mungu hakulalamika. Kwa hiyo Jumamosi wanawake walianza arusi kwa kupiga beseni. Wanasema makelele yalikuwa kama mvua ya mawe, na Asma akacheka mpaka wanja ukaharibika.

Muchana, chukudu, ule mukokoteni wa mbao, ikatokea kwenye avenue yetu, imejaa ngoma mpaka juu, na anayeisukuma ni polisi Akonkwa wa ofisini kwetu, muzima muzima katika sare yake! Nani alizitoa, nitakuambia. Nisamehe nikichelewesha kidogo. Mama alipiga kigelegele kilichosikika mpaka Majengo. Ngoma kubwa ikalia. Na wale watu waliopangwa barabarani tangu asubuhi, juani, bila hata maji, wakaanza kuja. Kwanza wamama, halafu wanafunzi na bendera zao za karatasi, halafu wazee waliosema wamekuja tu kutafuta kivuli. Wote wakacheza. Gari za mukubwa zilipopita, upande wetu wa barabara alikuwepo Chef peke yake anapunga mukono. Wanasema hazikupunguza hata mwendo.

Jumatatu Mama akaitwa ofisini. Alivaa kitenge chake kizuri, na kundi zima likamufuata, Asma na Idriss pia, na sinia la pilau iliyobaki.

Sasa, Papa, kama umesimama, kaa. Ni mimi niliyefungua depo.

Jumamosi mimi na Akonkwa tuliachwa ofisini. Beseni zilikuwa zinasikika mpaka pale mezani kwangu. Sikuwa na hasira, nakuapia. Nilikuwa nawaza tu kwamba Asma anacheka na mimi sipo. Nikainuka, nikafungua, nikaanza kutoa ngoma nje, mbele ya macho ya watu. Akonkwa akaniuliza kama kuna amri kutoka juu. Nikamuambia amri ni yangu. Aliniangalia sana, halafu akaenda mwenyewe kuita chukudu, kwa sababu ile kubwa ilinishinda.

Kwa hiyo Jumatatu, kabla Mama hajaulizwa neno, nikasimama nikasema ni mimi. Chef hakutaka kunifukuza, Papa, hilo nalisema kwa haki. Aliniomba niseme nilikosea ufunguo, aandike hivyo, yaishe. Nikamujibu kwamba sikukosea, niliujua vizuri, na kwamba Akonkwa alifuata neno langu. Nikaziweka funguo mezani kwake. Wanawake wakapiga vigelegele mule mule katika ofisi ya Leta! Chef akaziba uso kwa mikono, mabega yanatikisika. Mpaka leo sijui kama alikuwa analia ao anacheka. Akatuambia wote tutoke. Lile sinia lilibaki.

Najua ulivyohangaika kunipatia kazi ile. Nakuomba radhi kwa jasho lako, lakini kwa ule mulango niliofungua siwezi kuomba radhi. Nilirudi nyumbani naimba njiani, watu wakadhani nimeposwa. Sasa nauza vitenge na Mama Mukamugema sokoni, na ninagombana na wateja juu ya rangi kwa furaha kubwa.

Kama una hasira, niandikie yote, nitaisoma nimepiga magoti. Asma na Idriss wanangoja dua yako. Wasalimie babu na wote wa Kindu.

Mama anasoma juu ya bega langu. Anataka niongeze kwamba kazi ile hata yeye hakuipenda tangu siku ya kwanza. Aliona haya tu kukuambia.

Mutoto wako,
Sumaya