Siku Tuliyoamriwa Kufurahi

Uvira, mtaa wa Mulongwe

Yaya wangu Mapendo, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu wewe, namsalimu Mama, nawasalimu wote wanaolala chini ya paa la nyumba yetu huko Lemera. Mmeamkaje? Kifua cha Mama kinasemaje na baridi ya huko juu? Mahindi ya upande wa mto mmevuna nyinyi, au nguruwe pori wamewatangulia tena? Mimi ni mzima wa mwili. Ninakula, ninalala, ninafundisha. Kama huyo ndiye mzima, basi mimi ni mzima.

Barua yako ilinifikia kwa mkono wa yule mama muuza maharagwe, anayepita njia za milimani kwa sababu huku tambarareni vizuizi ni vingi. Zamani kutoka kwetu hadi hapa ilikuwa safari ya lori na nyimbo. Sasa ninyi mko mbali kama watu wa nchi nyingine.

Umenieleza mengi, ya mbuzi na ya kanisa, lakini nimeona kwamba yote yanazunguka swali moja, la Mama: mdogo wetu Byamungu, tangu aende vitani, yuko hai, au tumzikie mgomba? Unasema amekwisha kuuchagua, ule wa nyuma ya jiko. Kila asubuhi anakwenda na panga, anasimama mbele yake, kisha anarudi bila kuukata. Ninamwona, Yaya. Alikuwa msichana mdogo babu yetu alipozama ziwani asionekane. Aliona shina la mgomba likivikwa sanda na kulazwa kaburini mahali pake, na watu wakaweza kula tena. Mama hataki miujiza. Anataka kujua tu, ili akate au asikate.

Sasa ninajua. Univumilie nikueleze kwa utaratibu, maana nilijua katika siku ya furaha.

Usicheke. Ofisi mpya ya wapiganaji walioushika mji huu inapenda siku. Tulikuwa na siku ya usafi, tukafagia hata barabara ambazo hakuna aliyebaki wa kuzipita. Tukawa na siku ya akina mama, na akina mama wakasimama juani tangu asubuhi kusikiliza wanaume wakiwasifu. Halafu likatoka tangazo la siku ya furaha. Walisema uhuru wa kwanza ulikuwa wa wakubwa, huu wa pili ni wetu, na mtu aliye huru hana sababu ya kununa. Siku hiyo hakuna kulia, hakuna matanga, hakuna nguo nyeusi. Sisi walimu tuliagizwa tuwafundishe watoto kwanza furaha ni nini, wasije wakaaibisha shule mbele ya wageni.

Nikasimama mbele ya wasichana wangu wa shule ya mtaa wa Rugenge, nikawapa nilichopewa na Masista walionisomesha: kwamba ndani ya kila mtu kuna chumba kidogo ambacho hakuna wa nje awezaye kukiingia, na furaha ya kweli inakaa humo. Unakumbuka nilivyorudi likizo nikikuhubiria maneno hayo, nawe ukaniambia, "Basi ingia humo, uniletee kuni"? Nilikukasirikia siku mbili.

Nikawauliza furaha yao ni nini. Mmoja akainuka: "Mwalimu, yangu minye ni visamaki, ndagala za kukaanga." Darasa likacheka. "Na weye?" nikamwuliza jirani yake. Akasema, "Ni siku ile hawapigi mulango." Hakuna aliyecheka. Nilikuwa na cheti changu cha ualimu, nilikuwa na chaki mkononi. Nikasema, "Tuimbe."

Jioni nilikaa kwenye kiti changu, nikafumba macho, nikaingia kukitafuta chumba changu mwenyewe. Nilikikuta, Yaya. Kimefagiliwa, kina dirisha, hakina kitu. Nikakumbuka siku ya uhuru wenyewe, Byamungu alivyopiga ndoo ya mafuta kama ngoma tangu kanisani hadi nyumbani, mpaka Mama akamkimbiza na mwiko wa ugali, naye Mama mwenyewe akashindwa kukimbia kwa kicheko. Hakuna aliyekuwa ametufundisha. Nilijaribu kuileta siku ile nikaiweke humo chumbani. Haikukaa.

Mama Sifa, huyu mjane ninayekaa kwake, alikuwa amefiwa na mumewe wiki ile ile, kwa homa tu, si kwa vita. Moto wa matanga ulikuwa ukiwaka uani, na akina mama wa jirani wakilala pale kwenye mikeka. Mapema siku ya furaha wakaja vijana wawili wa ofisi, wakamwaga maji juu ya moto, wakaamuru mikeka ikunjwe. Mama Sifa alibaki amekaa chini, machozi yakimtoka bila sauti.

"Weye mama," mmoja akasema, "hukusikia tangazo? Leo hakuna kulia."

"Minye silii, mwanangu. Iko moshi."

"Moshi gani, na moto tumeshauzima?"

"Ule wa jana. Ungali machoni."

Wakatazamana. Yule mwingine akaanza kucheka, akajifunika mdomo, akamvuta mwenzake: "Twende. Hakuna sheria ya moshi." Walipotoka, Mama Sifa akafuta uso kwa ncha ya kitenge, akaniambia, "Nenda ukafurahi, Mwalimu, utachelewa."

Nilikwenda. Tuliandamana hadi uwanja ulio karibu na ziwa, watoto wakiwa na majani ya mitende mikononi, tukiimba. Karani mkuu wa ofisi alipita mbele ya mistari, akitazama nyuso kama mtu anayekagua meno ya ng'ombe. Nami nilionyesha yangu. Ndipo, ng'ambo ya mistari, nikaiona sueta ya Byamungu.

Ungeijua hata gizani. Ile ya kijani aliyoifuma Mama, na kiraka ulichomshonea wewe kwenye kiwiko, cha kitenge chako chenye ndege wa njano. Ndani yake alikuwa Kashindi, kijana wa huko Rugenge, aliyenyunyiziwa dawa ya kuzuia risasi siku moja pamoja na Byamungu walipoingia kwa wapiganaji. Walikuwa wakija pamoja kula kwa Mama Sifa kabla hawajapelekwa tambarareni. Alikuwa anachechemea. Ngoma zilipoanza na mistari ikavunjika, nikamfikia.

"Usiniangalie vile, Mwalimu," akasema. "Cheka, wako wanatuona."

Nikacheka.

"Byamungu iko wapi?"

"Cheka kwanza tena."

Nikacheka tena, Yaya, nikapiga na makofi, naye akaniambia huku akitikisa mabega kwa ngoma. Unajua sheria za dawa, maana hata huko kwetu vijana wanazishika: ukisonga mbele usigeuze kichwa, hata ukiitwa na mama yako, ukigeuka dawa inakufa. Walikuwa wakisonga katika mashamba ya pamba. Kashindi akapigwa risasi mguuni, akaanguka, na maumivu yakamfanya aite jina lililokuwa karibu. Byamungu akageuka. Akarudi kwake, akavua sueta, akamfunga mguu nayo. Alikuwa akikaza fundo alipopigwa shingoni. Kashindi anasema hakusema neno, na haikuchukua muda. Walimwacha pale. Usiku mvua ilinyesha, na kesho yake hakuna aliyerudi upande ule.

"Nani mwingine anajua?" nikamwuliza.

"Weye. Kwa wakubwa nilisema sikuona alikokwenda."

Sikuelewa, akanielewesha kwa maneno ambayo bado yananizunguka kichwani. Kwao, mwenye dawa hafi. Akifa, basi alivunja mwiko. Na aliyevunja mwiko aliwaharibia wenzake dawa, kwa hiyo haliliwi, na watu wa nyumba yake wanaangaliwa kama wana mkono katika kuvunja huko. Ndiyo maana pale uwanjani walitajwa mashujaa wengi, na wote walikuwa hai. Mji mzima umejaa wafu ambao hakuna aliyekufa. Mkimzikia Byamungu mgomba mbele ya watu, mtakuwa mmetangaza kwamba alikufa, nao watatangaza kwamba alikosa. Watapanda hadi kwenu kumwuliza Mama alimlisha nini, alimwambia nini, kwa nini aligeuka. Na jibu la kweli, kwamba aligeuka kwa sababu mtu alimwita, ndilo baya kuliko yote.

Baada ya ngoma karani mkuu alinisimamisha mbele ya walimu wenzangu. "Mwalimu Nabintu," akasema, "darasa lako limefurahi vizuri sana. Wengine waige." Nikamshukuru.

Hivyo ndivyo nilivyofiwa na mdogo wangu, nikicheka, na nikapewa sifa.

Tangu siku ile najiuliza kama alipogeuka kulikuwa na kitu katika kile chumba chake, amani fulani, jambo ambalo Masista wangelipa jina. Ningependa kukuandikia kwamba lilikuwepo. Lakini sijui, na sitaki kumtengenezea kifo kizuri ili mimi nipate usingizi. Ninachojua ni kwamba aliitwa akaenda, kama alivyokuwa akienda ukimwita achote maji. Siiti hiyo furaha. Ni kitu pekee ambacho nimekiweka chumbani na hakijatoka.

Usiniambie nije. Karatasi ya njia hawampi mwalimu, na anayekamatwa bila karatasi hafiki popote. Wala usiniandikie kwamba haya yatapita. Ofisi imekwisha kutangaza siku nyingine, ya kupanda miti, na nitawafundisha watoto wimbo wake. Nitafanya hivyo siku baada ya siku, na sioni mwisho wake.

Sasa jibu la Mama. Mwambie akate.

Lakini mfanye hivi. Mseme mnapanda ndizi. Mchimbe nyuma ya jiko kama wanawake wanaolima, mlilaze shina bila sanda, mlifukie, na juu yake mpande chipukizi changa. Atakayepita ataona shamba. Mama muuza maharagwe anawaletea ndagala kavu na chumvi. Chini ya chumvi, kwenye kitambaa kilichofungwa, mtakuta kiraka chako chenye ndege wa njano. Kashindi alikuja kwa Mama Sifa asubuhi iliyofuata, akakikata kiwiko cha sueta kwa kisu cha samaki, akaniwekea mkononi. Sueta yenyewe hakuweza kuitoa, wangemwuliza. Kilazeni kiraka pamoja na shina, mahali pa moyo. Mama akiweza asipige yowe, na asipige. Najua ninaomba jambo ambalo hakuna mama anayepaswa kuombwa.

Nisalimie shemeji yangu mumeo, mwambie bado ninakumbuka ahadi yake ya kunichongea kiti. Nisalimie shangazi yetu wa kilimani, yeye pia mwambieni, lakini baadaye, maana sauti yake inafika mbali. Nisalimie mwalimu mzee wa katekisimu aliyetufundisha kusoma, na watoto wako, hasa yule wa mwisho ambaye sijamwona uso. Mama mshike mikono yote miwili kwa ajili yangu.

Ukimaliza kusoma, usiifiche barua hii popote, wala ndani ya Biblia. Itie jikoni, na Mama akae karibu na moto inapoungua. Akiulizwa baadaye kwa nini macho yake ni mekundu, atakuwa na moshi wa kweli wa kujibu.

Mimi mdogo wako, niliyebaki peke yangu katika jina hilo,

Nabintu