Delmar Hahamii Harmon City

S.L.P. 14,
Pell, Nebraska.
9 Mei, 1988.

Mpendwa Lorene,

Nimeandika "mpendwa" kwa sababu barua huanza hivyo, na mimi sikufundishwa kuanza vingine.

Habari za Fresno? Goti lako linaendeleaje? Natumaini sasa unaweza kupanda ngazi. Mimi ni mzima. Ninakula, ingawa bado napika viazi vya watu wawili. Mvua imenyesha mara mbili na ngano imeshika rangi.

Wifi, siku ya maziko ya kaka yako Delmar uliosha vyombo vyote jikoni kwangu, nami nikakushukuru. Lakini ulibandua tepu zenye majina chini ya mabakuli ya watu walioleta chakula. Umekaa mjini miaka thelathini, umesahau tepu zile ni za nini. Mabakuli kumi na saba yalibaki mezani bila wenyewe. Wiki tatu nimezunguka kaunti nzima na gari la Delmar, nikibisha hodi na kuuliza, "Hili ni lako?"

Ndivyo nilivyofika kwa Dwight Sorley, mchimba makaburi. Bakuli la kijani lilikuwa la mke wake. Dwight alikuwa anakunywa kahawa, hakuniangalia usoni.

"Mama Ardith, ile kazi ya Jumanne bado ipo?"

"Kazi gani?"

"Ya kumfukua Delmar. Wifi yako kapiga simu. Kasema mmeshakubaliana, imebaki sahihi yako tu."

Mke wake akampiga na kitambaa cha vyombo. "Mwanaume wewe! Si umwache mwenzio akae kwanza?"

"Nimeuliza tu! Hata huyo wifi yake nilimwambia, Delmar mwenye miguu yake hakwenda Harmon City, leo nimpeleke mimi?"

Sikucheka. Kesho yake karatasi zako zikafika. Unasema makaburi ya Pell hayana tena wa kukata nyasi, na Harmon City ni pazuri, wazazi wenu waliozeekea huko wamelala huko, kaburi umeshalinunua, na jiwe jipya la familia umeshaliagiza. Nimesoma majina yatakayochongwa. Langu halimo.

Lorene, kaka yako ulimjua kweli? Watu wa Harmon City walitunyang'anya mahakama ya kaunti, wakaihamishia kwao, kabla babu yenu hajaoa, na Delmar aliisimulia kama habari ya juzi. Walipotuchukulia na shule, aliapa hatakanyaga kwao. Akipungukiwa na msumari mmoja, aliendesha gari maili arobaini hadi kaunti ya jirani. Vijana wetu walipokwenda kucheza mpira kule, alikaa ndani ya gari nje ya uzio, dirisha wazi, akipiga honi kila walipopata pointi. Mimi nilimpelekea bisi kwenye kofia yake.

Jiwe la Pell tulilinunua pamoja. Jina langu liko upande wa kushoto, na mwaka wa kuzaliwa, kisha kistari, kisha patupu. Najua wewe huona ni uchuro. Sisi huku ndivyo tunavyofanya. Alipozidiwa aliniambia, "Usije mbio, Ardith. Nafasi nimekushikia." Ukimtoa pale, nitalala peke yangu chini ya jiwe lenye jina lake, na yeye hayupo.

Nyasi nakata mwenyewe kila Alhamisi. Ungekuja hata mara moja siku ya kupamba makaburi ungeona. Siku hiyo hujaja miaka kumi na moja. Halafu unaniandikia mimi habari za nyasi!

Sitatia sahihi. Karatasi zako nimezirudisha humu humu, kama zilivyokuja. Dwight nimeshamwambia kwa mdomo wangu, na Jumanne anakwenda kuvua samaki.

Nisalimie Emmett mumeo, na binti yenu Patsy na wanawe. Patsy mwambie sina neno naye, hili la kaburi si lake.

Kaburi ulilonunua Harmon City ni lako kwa haki. Lisikae bure, na kwenye jiwe, pale ulipotaka jina la Delmar, chonga lako. Mungu akupe miaka mingi kabla hujalihitaji.

Wako, ambaye bado ni mke wa kaka yako,
Ardith.