Mlenda Usio na Samli

Jumatatu, 4 Juni 1979
Na hata hivyo sijuti. Wiki saba za ndoa, na bado nikisikia kikohozi chake mlangoni moyo unaruka. Mume wangu Masalu! Mwalimu wa darasa la sita, mrefu, meno meupe, sauti ya kwaya. Leo nimempikia samaki mkavu na mlenda wa chukuchuku, bila tone la samli. Amemaliza sahani. Amesema ni mtamu. Mwongo wangu mpenzi.

Daktari wa misheni alitwambia wazi: mishipa yake ya fahamu inachubuka, kama waya wa umeme uliochunika. Maltipo sklerosisi. Dawa hana. Ila huko kwao Ulaya wapo wanaojaribu chakula: nyama ya mafuta hapana, samli hapana, maziwa yaenguliwe utando wote. Samaki, mboga, mafuta ya pamba kidogo. Hakuahidi kitu. Mimi ndiye niliyejiahidi.

Alhamisi, 7 Juni
Mguu wa kushoto umeburuta kidogo tu. Nimeuhesabu huo kuwa ushindi. Jirani yetu, Mzee Kulwa, kachungulia chungu changu. "Mwalimu, umeoa au umefungwa?" Masalu kacheka mpaka machozi. Nampenda anavyocheka. Nampenda, nampenda, nampenda.

Jumapili, 17 Juni
Msimu wa pamba umefunguliwa. Karani wa mizani hapa Kagongwa ni mimi; natoka alfajiri, narudi jua limezama. Mama yake Masalu amekuja kutoka Tinde kutupikia. Nimepiga magoti, nimemwamkia, nimemweleza masharti yote taratibu. Amesikiliza. Kisha: "Ng'ombe thelathini zizini kwetu, na mwanangu anakula kama mtu asiye na ukoo."
Nimeona aibu. Sikurudi nyuma.

Jumanne, 26 Juni
Chaki imemwanguka mara tatu darasani. Watoto wamemwokotea. Hakuniambia yeye, nimeambiwa na mwalimu mwenzake. Nimepunguza hata mafuta ya pamba. Sijui nimkatie nini tena.

Jumatano, 11 Julai
Jicho la kulia lina ukungu. Anatembea kwa fimbo. Miaka ishirini na tisa, mume wangu. Nilipomfunga vifungo vya shati alinibusu utosini, akasema nanukia pamba. Nimefurahi siku nzima kama mjinga. Kwenye mizani nimeandika gunia moja mara mbili.

Jumamosi, 21 Julai
Mizani imeharibika, nimerudi saa sita mchana. Mama alikuwa kisimani. Nimefunua chungu. Mlenda unang'aa. Nimeonja. Samli.

Nimepekua jiko zima. Kibuyu kilikuwa ndani ya gunia la michembe, kimebaki nusu. Vile viazi vikavu vyote vinanuka samli.

Nimempigia kelele mama mkwe. Mimi, niliyelelewa kwa heshima. Nimemwambia anamuua mwanawe. Hakukana. Kakaa chini, ndoo bado imejaa kando yake. "Nilikuwa namtia nguvu. Anakwisha, mwanangu, huoni? Anakwisha na wewe unamnyima."

Masalu akaita kutoka chumbani. Alijua. Alionja siku ile ile mama yake alipoanza kupika, akanyamaza. "Sesilia, ningemwambiaje mama yangu kwamba chakula chake ni sumu?"

Na mimi je? Kila jioni namwuliza, kila jioni anajibu masharti anayashika. Kibuyu nimekifungia sandukuni, chini ya gauni langu la harusi. Nimemchukia mpaka nilipomwona anahangaika na kijiko. Basi.

Jumatatu, 6 Agosti
Nimekwenda tena kwa daktari, peke yangu. Nilikuwa na swali moja: ni samli? Hajui. Pengine hata bila samli ingekuwa hivi hivi. Heri angesema ndiyo. Ningekuwa na wa kumlaumu. Ningekuwa na kitu cha kuanza upya.

Miguu yote miwili sasa. Baba mkwe amefika. Wamekubaliana Masalu arudi Tinde, kuna watu wa kumnyanyua. Mimi ruhusa ya kazi sipati mpaka magunia yapungue. Nimekubali. Siwezi kumbeba. Nimejaribu, tumeanguka wote wawili, tukacheka, halafu hatukucheka tena.

Jumapili, 12 Agosti
Ameondoka jana kwa lori la pamba. Kakaa mbele na dereva, mama yake amemshika kiuno. Mkono haukuinuka kunipungia. Alicheka tu, yale meno.

Nyumba imetulia. Nimesonga ugali wa mtu mmoja, sijui kipimo chake, umebaki.

Nimefungua sanduku. Gauni limeshika harufu ya samli, na doa kwenye kola. Sikulifua. Kibuyu nimekipangusa, nimekifunga kwa kitambaa safi. Mama anajua kupika, na Masalu mlenda anaupenda wa samli, tangu utoto. Mimi ndiye niliyechelewa kujua.

Nitapanda lori lolote litakalonichukua. Nitampa mama kibuyu chake mkononi, kwa magoti. Kabla mwezi huu haujaisha, mume wangu, nakuja.