Upande wa Kushoto

Januari 27

Wifi yangu mpenzi,

Za siku nyingi? Mgongo haujambo? Nauliza mgongo kwanza, maana kusimama kutwa mbele ya mashine za kufulia mashuka ya hospitali nzima si kazi ya kumwacha mtu salama. Sisi huku wazima. Mama yenu magoti yanamsumbua ila mdomo haujapungua nguvu. Jana alimtimua muuza maziwa kwa maneno matupu. Watoto wanamsalimia shangazi yao. Mkubwa meno ya mbele yameng'oka, kila neno lenye "s" linatoka na mluzi.

Mbio za kufungua msimu ni Jumamosi ya wiki ijayo, na mtaa hauna habari nyingine. Kinyozi ameapa hamnyoi mtu yeyote anayemshabikia mpinzani wetu Bwana Taratibu mpaka zipite. Gari jipya limefika, jekundu, likinguruma unalisikia kifuani kabla halijafika masikioni. Kaka yako, Kishindo wa mtaa, atashika usukani kama kawaida, na mdogo wangu atakaa kando yake kumsomea njia. Kwa hiyo wakishinda usije ukajidai kwamba ni ukoo wenu peke yenu.

Sasa sikiliza. Nimekuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu nyumba hii kuta zina masikio, na masikio yenyewe ni ya mume wangu.

Wifi, jicho la kushoto la kaka yako halioni. Ni tangu gari lilipobingirika nao mwisho wa msimu uliopita. Mwenyewe anasema ni kama mtu ameshusha pazia la moshi. Mlango wa chumbani aliouzoea miaka yote anaugonga kwa bega. Nikimpa sahani kutoka upande huo anashtuka kama nimemvizia. Juzi anakula, nikasimama kushoto kwake nikamtolea ulimi. Mimi, mama mzima wa watoto wawili! Hakuona. Mtoto alipocheka ndipo akageuka, akaniuliza, "Umenipima?" Akaniapisha nisimwambie mtu. Daktari wa timu alimsomesha ubao wa herufi, naye alikuwa ameshaukariri.

Mtu pekee anayemsikiliza duniani ni wewe. Mwambie apumzike msimu huu mmoja tu.

Wifi yako


Januari 30

Kwa wifi yangu, mke wa bingwa mtarajiwa,

Barua yako nimeipata, nimecheka na kununa kwa wakati mmoja. Mimi mzima, ila sabuni imenichuna vidole hadi simu hainitambui nikiigusa. Mwambie huyo mwenye mapengo shangazi anamdai wimbo wenye "s" nyingi.

Chumba chetu cha kupiga pasi kimegeuka uwanja. Mwenzangu wa meza ya pili, ambaye mwaka jana hakujua hata gari lina gia ngapi, leo anabishana nami mpaka pasi inaunguza shuka. Yeye ni mtu wa Taratibu. Nimemwambia: dada, bingwa wa mwaka jana ndiye anayetangulia njiani, na anayetangulia ndiye anayefagia changarawe, walio nyuma wakapita pasafi. Huyo Taratibu wako Jumamosi ni mfagiaji wetu. Amenifungia maneno mpaka sasa.

Hilo la jicho. Nilimpigia kaka. Alicheka sana. "Mke wangu anataka niwe fundi baiskeli," akasema. Anasema jicho limechoka tu, litarudi. Namwamini. Na wewe wifi, tangu lini mtu akapimwa macho kwa kutolewa ulimi?

Lakini niseme la moyoni. Ukifungua mdomo watamwondoa, gari watampa mwingine, na kwenye mchezo huu ukishatoka hurudi tena. Tangu baba alipofariki, mahali ninapomwona kaka yangu akicheka kwa kweli ni mahali pamoja tu, ndani ya helmeti. Usimnyang'anye. Halafu kushoto kwake anakaa nani? Si mdogo wako? Ana macho mawili mazima yule. Nakuomba, funika kombe mwanaharamu apite.

Wifi yako, shabiki namba moja


Februari 3

Wifi,

Salamu, na wote hawajambo. Leo sina maneno mengi.

Nilikwenda gereji nikamkuta mdogo wangu amelala chini ya gari, miguu tu nje. Niliiambia hiyo miguu, "Shemeji yako jicho la kushoto halioni."

Akajisukuma akatoka. "Najua, dada."

"Tangu lini?"

"Tangu tulipokwenda kukagua njia. Kulikuwa na jiwe upande wangu, kubwa kama mbuzi. Akaliendea moja kwa moja."

"Na bado utakaa naye?"

"Nisipokaa mimi atakaa mtu asiyejua. Mimi simsomei kona tu. Namsomea na mawe, na mashimo, na watu. Nasoma kwa sauti zaidi, basi."

Alisema hivyo huku anajifuta grisi, kama mtu anayeeleza jinsi ya kubana nati. Nilimshika kichwa nikamkumbatia, gauni langu likaharibika.

Nimenyamaza, wifi. Usinishukuru. Sijui kama nimenyamaza kwa heshima au kwa woga.

Wifi yako


Februari 8

WIFI!

Hujambo, hawajambo, mama hajambo, najua hawajambo, nani atakuwa hajambo jana kama si sisi!

Nafasi ya pili! Na ingekuwa ya kwanza kama si lile tairi! Tulibeba simu ya mwenzangu tukaiegemeza kwenye kikapu cha foronya, msimamizi akaja kutufukuza, naye akaishia kukaa juu ya meza na viatu vyake. Uliona kona ya machimbo? Wote wanapunguza mwendo, yeye anaingia kama anayeingia sebuleni kwake! Nimepiga kelele mpaka mlinzi wa lango kuu amekuja kuuliza nani kaungua. Kipande cha tatu cha mbio Taratibu anafagia kweli, changarawe zinamrusha huku na huku, kaka anampunguzia sekunde, anampunguzia. Halafu jiwe. Tairi la nyuma kushoto. Mawe hayana adabu. Mwenzangu anasema wangelibadilisha mapema wangeshinda. Mimi nasema walifanya vyema kuliburuza hadi mwisho wa kipande, maana kusimama pale kwenye mteremko ni kujizika. Tumebishana hadi leo asubuhi. Wewe uliyekuwa karibu, amua kati yetu.

Nimemwona mdogo wako akihojiwa, sauti imemkauka kabisa, maskini, utadhani kameza mchanga. Kaka sikumwona. Mtangazaji alisema ameondoka mapema kwenda nyumbani kwa mkewe na wanawe. Haya, mume gani mwingine anaacha kamera akakimbilia nyumbani?

Sasa niambie, wifi. Ungesema, tungeipata siku kama hii?

Nasubiri kila kitu, hata ulivyovaa.

Shabiki wako mwenye sauti iliyopotea


Februari 13

Wifi,

Hamjambo? Safari hii nauliza kweli. Simu yako haishikiki. Ya kaka inaita hadi inakata. Mama nimempata, akaniambia, "Wote wako hai," halafu akaniuliza habari za mvua. Nasema, "wote wako hai" si jibu la mtu aliyeulizwa habari za mbio.

Kama nimekuudhi kwa mzaha wangu, niambie. Nijibu hata mstari mmoja.

Wifi yako


Februari 17

Wifi,

Nisamehe kwa ukimya. Mama hakukudanganya. Sote tuko hai.

Baada ya mbio mdogo wangu alishikwa na waandishi. Kaka yako kichwa kilikuwa kinamgonga, hakutaka maneno. Akachukua gari letu dogo la nyumbani aje zake. Peke yake, na helmeti kwenye kiti cha kando. Hakuwa anakimbia. Walioona wote wanasema alikuwa anakwenda polepole, maana barabara ilijaa mashabiki wanaorudi makwao. Karibu na lile daraja dogo alimgonga mama mmoja aliyekuwa anatembea pembeni kabisa, upande wa kushoto, kiti chake cha kukunja begani. Alikuwa anatoka kutazama mbio.

Yule mama ni fundi cherehani. Mguu ulisagika, wameukata chini ya goti. Cherehani yake ni ya kukanyaga.

Polisi walipofika, kaka yako alisema yule mama alijitokeza ghafla. Na watu wakaitikia, wifi. Mashabiki walimtetea kabla hajamaliza sentensi. Kishindo, dereva wao, atamgongaje mtu kwa uzembe?

Nilikwenda wodini na chupa ya chai, nimejipanga kutoa pole na kuondoka. Nikamkuta mwanamke mnene mwenye uso wa kucheka, hata maumivu hayajaufuta. Nilipojitaja akahangaika kutaka kukaa. "Mke wa Kishindo mwenyewe! Karibu, mama, karibu. Mwambie mumeo anisamehe."

Nikasema, "Akusamehe nini?"

"Nimemharibia mwanzo wa msimu. Nilivyoona ni yeye nikanyanyua mkono nimpungie. Labda nilisogea barabarani. Nalala hapa najaribu kukumbuka kama nilisogea." Halafu akaniuliza, "Hivi lile tairi waliliburuza mpaka mwisho? Mimi nilikuwa kona ya machimbo, sikuona. Huyu wa kitanda cha pili anasema walikosea."

Tukazungumza mbio. Mimi na yeye, kama mimi na wewe. Alijua kila gari, kila dereva. Amemfuata kaka yako tangu enzi anaendesha lile gari bovu la kuazima. Alinieleza jinsi alivyoingia kona ya machimbo, akaonyesha kwa mkono juu ya shuka. Mkono ukafika mahali ambapo shuka limelala bapa, ukasimama.

"Nilisogea, eti?" akasema. "Wewe mumeo amekwambiaje?"

Wifi, ningeweza kusema ndiyo. Alikuwa ameshanipa neno mkononi, nilikuwa nimebakiza kulipokea tu.

Nikamwambia, "Hukusogea, mama. Hakukuona. Jicho lake la upande huo halioni."

Akaniuliza, "Tangu lini?"

"Tangu ajali ya msimu uliopita."

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

Alisema, "Chukua chupa yako," akageuza uso.

Nilipofika nyumbani nilimweleza kaka yako nilichofanya. Amehamia chumbani kwa mama, hasemi nami. Mdogo wangu naye hali chakula, analaumu ile dakika aliyobaki na waandishi. Nimempa mume wangu mpaka Jumatatu aende polisi mwenyewe akaseme kweli. Asipokwenda, nitakwenda mimi. Nimeona ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa watu.

Wifi yako, kama bado unanikubali


Februari 20

Wifi yangu,

Leo sikuulizi hali.

Barua yako niliisomea kazini, kati ya mashuka. Mwenzangu akaniuliza, "Habari za mbio hizo?" Nikamwambia ndiyo. Nilianza kwa kukukasirikia, nisikufiche. Nilikuita majina ambayo siwezi kuyaandika. Nilisema damu nzito kuliko maji, huyu ametuuza. Nilipiga pasi shuka moja mara nyingi mpaka likawa na rangi ya chai.

Halafu nikampigia kaka, nikapiga tena, na tena, hadi akachoka kukata. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Mke wangu ameniuza." Maneno yangu yaleyale, ila kuyasikia mdomoni mwake yalinitia aibu.

Nikamuuliza, "Siku ile ulisikia nini?"

Akasema, "Nilisikia kiganja kwenye bati. Pah. Nilidhani ni shabiki ananipongeza, si unajua wanavyopiga boneti? Nikatoa mkono dirishani nikapunga."

Wifi, alivuka daraja lote akipunga. Watu walikuwa wanapiga mayowe nyuma yake, naye anadhani wanamshangilia, mpaka walipomzuia ng'ambo ndipo akajua. Aliniambia hilo hajamwambia mtu, wala wewe, wala polisi, wala mama anayelala chumba kimoja naye. Halafu akalia. Mara ya mwisho kumsikia akilia tulikuwa tunamzika baba, na siku ile alilia kidogo kuliko hivi.

Sikumbembeleza. Nimezoea kumbembeleza, ndiyo kazi yangu tangu utoto, lakini safari hii nilishika simu tu nikamwacha. Alipomaliza nikamwambia wewe hukumuuza. Mtu aliyemwona anazama akamtupia kamba ni wewe, na mimi ndiye niliyekata kamba ile, kisha nikashangilia. Akasema Jumatatu atakwenda, mdogo wako atampeleka, na jicho atalitaja kwa mdomo wake. Sijui kama atatimiza. Namjua kaka yangu. Nimemwambia nitapiga asubuhi hiyo, na asipopokea nitakupigia wewe, na wewe nenda.

Leo nimeomba ruhusa kazini nije. Msimamizi akauliza kama kuna msiba. Nilishindwa kumjibu, akaandika msiba.

Kwa yule mama usirudi kwanza, na jina langu usilitaje. Kwenye barua yako umesema ulijua, ukaishia hapo. Hukumwambia kwamba ulitaka kusema na kuna mtu alikuziba mdomo. Nashukuru umenihifadhi, ila sihitaji kuhifadhiwa. Nitakuja nikae kando ya kitanda kile. Akinifukuza, atanifukuza. Lakini atalisikia kwangu mwenyewe, kwamba nami nilijua.

Wifi yako